Bima ya Ajali na Magonjwa Makubwa Mbeya na Iringa: Inachofidia na Inachoacha

Bima ya ajali na bima ya magonjwa makubwa ni mikataba inayomlipa mtu fedha taslimu pale jambo lililotajwa ndani yake linapompata: ameumia, amepoteza kiungo, amekufa kwa ajali, au daktari amethibitisha kwamba ana saratani, kiharusi, shambulio la moyo au figo zilizoacha kufanya kazi. Fedha hiyo haiendi hospitali. Anapewa mwenye bima, au mnufaika aliyemwandika, naye huitumia atakavyo: kulipa deni, kununua chakula, kupanga chumba karibu na hospitali, kuweka vibarua wa kuvuna mpunga ambao yeye hawezi tena kuuvuna. Hapo ndipo inapoachana na bima ya afya, ambayo humlipa mtoa huduma kwa tiba aliyoitoa na kuishia hapo. Ndiyo maana huitwa bima ya nyongeza. Imetengenezwa ikae juu ya bima ya afya, na mtu anayeikata huku hana ya msingi amejenga paa kabla ya ukuta.

Ili kuona nyongeza inahitajika wapi, ni lazima kwanza kujua cha msingi kinafika wapi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 3. Kwa wasio na mishahara kuna Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF), uliojaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996, ukapata sheria yake mwaka 2001 na kufanyiwa maboresho mwaka 2018. Katika CHF iliyoboreshwa kaya ya watu wasiozidi sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na kadi yake ikafanya kazi kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa mkazi wa Kilolo au Mbarali mpaka huo una maana kubwa. Mgonjwa akipewa rufaa ya kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au Muhimbili, kadi hiyo imebaki nyuma. Mwaka 2019 NHIF ilileta vifurushi vya Najali, Wekeza na Timiza kwa watu binafsi, cha chini kabisa kikiwa shilingi 192,000 kwa mwaka kwa kijana, bei ambayo familia nyingi za wakulima ziliiona kuwa juu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inalenga kufuta pengo hilo kwa kumtaka kila mkazi ajiunge na skimu ya afya. Hata hivyo, sheria hiyo inahusu matibabu. Mapato yaliyokatika na gharama za safari si kazi yake.

Kwa ajali kuna tabaka nyingine mbili za kisheria. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kupokea michango mwaka 2015, humtibu mfanyakazi aliyeumia kazini na kumlipa asilimia 70 ya mshahara wake anapokuwa hawezi kufanya kazi kwa muda. Huo ni ulinzi mzuri, pengine bora kuliko mikataba mingi inayouzwa madukani, na mfanyakazi halipii chochote kwa kuwa mchango wote hutolewa na mwajiri. Mchuma chai aliyeajiriwa rasmi Mufindi au Tukuyu yumo. Kijana anayelipwa kwa siku kwenye mashine ya dingdong, akipasua magogo kuzunguka Msitu wa Sao Hill kwa msumeno wa duara usio na kinga, kwa kawaida hayumo, maana aliyempa kazi hajamsajili popote. Tabaka ya pili ni bima ya lazima ya vyombo vya moto, ile inayoitwa mitaani bima ndogo. Hiyo humlinda mtu wa tatu dhidi ya kosa la mwenye chombo. Dereva wa bodaboda aliyeteleza mwenyewe kwenye utelezi wa Tukuyu hana chake humo, hata kama stika yake ni halali. Abiria wa basi ana haki, lakini hulipwa baada ya kosa kuthibitishwa, na mara nyingi hiyo ni safari ya miezi, wakati mwingine miaka, kupitia polisi, mahakama na kampuni ya bima ya mwenye basi.

Pengo linalobaki baada ya tabaka zote hizo lina sura yake katika Nyanda za Juu Kusini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu takriban milioni 2.3 Mbeya na milioni 1.2 Iringa, walio wengi wakiishi kwa kilimo, biashara ndogo na kazi za kutwa. Mikoa yote miwili imepitiwa na barabara kuu ya Tanzania na Zambia, inayobeba mabasi, malori ya shaba na matangi ya mafuta kupanda Kitonga, kupita Ipogolo na Mafinga, kushuka Inyala, kukatiza Jiji la Mbeya na kuelekea Tunduma. Machi 11, 2015, eneo la Changarawe karibu na Mafinga, kontena liliangukia basi lililotoka Mbeya na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Julai 2018 mteremko wa Iwambi, kabla ya Mbalizi, uliua watu wapatao 20 kwa mara moja. Juni 2024, Simike mjini Mbeya, lori lililoshindwa kusimama liliua watu 13. Matukio hayo yalitikisa nchi nzima. Yasiyotangazwa ni ya kila siku: pikipiki iliyogongwa usiku Uyole, shimo la dhahabu lililoporomoka Chunya, mtu aliyeanguka kutoka mti wa parachichi Rungwe, radi ya masika iliyompiga mkulima akiwa na jembe mkononi, vidole vilivyobaki kwenye msumeno Mafinga.

Na pale mtu anapougua ugonjwa mkubwa, umbali hugeuka kuwa gharama yenyewe. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na kutoka Iringa ni karibu 500. Kwa miaka mingi tiba ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani ilipatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road peke yake, ndipo Bugando ya Mwanza ikafuata. Upasuaji mkubwa wa moyo unafanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na wenye mifupa iliyovunjika vibaya hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Sera ya serikali inawasamehe gharama wagonjwa wa makundi kadhaa, lakini msamaha haununui tiketi ya basi. Mgonjwa wa mionzi hukaa Dar es Salaam wiki kadhaa akiwa na ndugu wa kumuuguza. Wawili hao wanakula, wanalala mahali na wanapanda daladala kila siku, huku nyumbani shamba likiota magugu. Familia nyingi haziangushwi na bili ya hospitali. Zinaangushwa na nauli, chakula na msimu wa kilimo uliopotea. Hoja yote ya bima ya nyongeza inasimama hapo, na mkataba wowote wa aina hii unapaswa kupimwa kwa swali moja: je, unaleta fedha taslimu mapema kiasi cha kuziba gharama hizo?

Bima ya ajali binafsi ndiyo kongwe na rahisi kuielewa. Mjini London mwaka 1848 ilianzishwa kampuni iliyowauzia abiria wa treni bima pamoja na tiketi, na mpangilio wake haujabadilika sana. Mkataba hutaja kiasi kikuu, tuseme shilingi milioni 10, kisha jedwali linaonyesha sehemu ya kiasi hicho inayolipwa kwa kila dhara. Kifo hulipwa chote. Kupoteza macho yote mawili, mikono yote miwili au miguu yote miwili hulipwa chote vilevile. Jicho moja, mkono mmoja au mguu mmoja mara nyingi ni nusu. Vidole huthaminiwa kimoja kimoja, dole gumba likiwa juu na vingine vikishuka hadi asilimia chache. Kwa mkataba huo wa milioni 10, kidole cha shahada kilichopangiwa asilimia 10 humpa aliyekipoteza shilingi milioni moja.

Jedwali hili linastahili kusomwa kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote ya mkataba, na hasa na watu wa mbao. Kwa fundi seremala au mpasuaji, vidole viwili vya mkono wa kulia ndiyo riziki yenyewe, lakini jedwali la kawaida halimtofautishi na karani. Baadhi ya mikataba hulipa kiungo kilichokatika kabisa tu, ilhali msumeno mara nyingi humwacha mtu na kidole kilichopo lakini kisichokunjika. Mkataba unaofaa Mafinga ni ule unaosema wazi kwamba kupoteza matumizi ya kiungo moja kwa moja ni sawa na kukipoteza, na unaomwachia daktari au bodi ya madaktari kupima asilimia ya ulemavu. Maneno hayo machache ni ya thamani kuliko nyongeza ya milioni kadhaa kwenye kiasi kikuu.

Kando ya jedwali kuna mafao mengine mawili. Moja ni gharama za matibabu ya ajali, kwa kikomo. La pili ni fao la wiki kwa ulemavu wa muda, linalolipwa pale mtu anapokuwa hawezi kufanya kazi yake, kwa wiki zisizozidi 52 au 104 kutegemea mkataba. Kwa dereva wa bajaji aliyevunjika mguu hili la pili ndilo la maana kuliko yote, maana ajali zinazoua au kukata viungo ni chache zikilinganishwa na zinazomweka mtu kitandani miezi mitatu. Lakini ndilo linalopunguzwa kwanza mikataba inapofanywa rahisi, na ndilo gumu kulidai, kwa kuwa kampuni hutaka uthibitisho wa kipato. Mwenye mshahara ana hati ya malipo. Muuza viazi wa Uyole ana daftari, akiwa nalo. Miamala ya simu na stakabadhi za chama cha msingi cha ushirika husaidia, na wakala mwaminifu humweleza mteja siku ya kwanza azitunze.

Mambo yasiyofidiwa hujirudia karibu katika kila mkataba: kujiumiza kwa makusudi, vita, uhalifu, mashindano ya kasi, ulevi. Baadhi hugusa maisha ya mikoa hii moja kwa moja. Iringa, msimu wake ukifika, ulanzi, yaani pombe ya mianzi, hunywewa kwa wingi, tena na watu watakaorudi nyumbani kwa baiskeli au pikipiki. Mkataba unaosema aliyekuwa amekunywa hafidiwi, bila kutaja kiwango wala kutaka ithibitike kwamba ulevi ndio uliosababisha ajali, unaweza kumnyima haki mtu aliyegongwa kutoka nyuma akiwa amekaa kama abiria. Pikipiki nayo mara nyingi hutengwa, au hukubaliwa kwa ada ya juu zaidi. Dereva asiye na leseni hulipwa kwa nadra sana. Uchimbaji wa chini ya ardhi huhesabiwa kazi ya hatari kubwa, hivyo mchimbaji mdogo wa Chunya aliyejiandikisha kama mfanyabiashara ili apunguziwe ada anakuwa amelipia karatasi. Bima hujengwa juu ya nia njema ya pande zote mbili, na taarifa ya uongo kuhusu kazi huipa kampuni sababu ya kuukana mkataba wote.

Madai ya ajali huanzia kituo cha polisi. Fomu ya PF3, ambayo majeruhi hupewa na polisi na kujazwa na daktari, ndiyo hati ya kwanza, na familia nyingi huirudisha bila kubaki na nakala. Kwa ajali ya barabarani huongezwa ripoti ya askari wa usalama barabarani na mchoro wa tukio. Ajali ya shambani au ya kwenye mashine haina askari, kwa hiyo barua ya mtendaji wa kijiji na maelezo ya waliokuwapo hushika nafasi hiyo. Kwa kifo hutakiwa cheti cha RITA, ambacho familia za vijijini huchelewa kukichukua mpaka kitu kama hiki kiwalazimishe. Tatizo linalowachosha watu kuliko yote ni majina. Mtu aliyeandikishwa NIDA kwa jina la babu, akaitwa hospitali kwa jina la ubatizo, na laini yake ya simu ikasajiliwa kwa jina la mdogo wake, huwaachia warithi kazi ya kula viapo kuthibitisha kwamba huyo ni mtu mmoja. Mnufaika naye anapaswa kuandikwa kwa jina lake kamili. Pakiandikwa “mke wangu”, na marehemu akawa na nyumba mbili, fedha inasimama hadi mahakama iseme.

Bima ya magonjwa makubwa ni changa. Ilibuniwa na Marius Barnard, daktari wa upasuaji wa moyo wa Afrika Kusini aliyekuwa katika timu ya kaka yake Christiaan, iliyopandikiza moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza Cape Town Desemba 1967. Aliona wagonjwa wanapona huku wakiwa wamefilisika, akasukuma kampuni za bima zimlipe mtu angali hai badala ya kusubiri afe. Mkataba wa kwanza uliuzwa mwaka 1983 na ulitaja mambo manne: shambulio la moyo, saratani, kiharusi na upasuaji wa mishipa ya moyo. Leo orodha hufika magonjwa kumi, ishirini au zaidi, lakini yale ya mwanzo ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya malipo popote duniani. Orodha ndefu si lazima iwe ulinzi mkubwa.

Nchini Tanzania bima hii kwa kawaida haiuzwi peke yake. Huambatanishwa na mkataba wa bima ya maisha, na namna ilivyoambatanishwa hubadilisha thamani yake. Kuna mikataba ambayo malipo ya ugonjwa huongezwa juu ya fedha ya kifo. Kuna mingine ambayo hukatwa humo humo: mtu mwenye bima ya maisha ya milioni 20 akilipwa milioni 10 kwa saratani, watoto wake watapata milioni 10 tu atakapofariki. Aina hii ya pili ni nafuu kwa ada, na si mbaya, mradi mnunuzi ajue kwamba anachukua mapema fedha ya watoto wake.

Ugumu mkubwa uko kwenye tafsiri ya ugonjwa. Mkataba haulipi kwa sababu mtu ana saratani. Unalipa pale saratani yake inapolingana na maelezo yaliyoandikwa, na karibu mikataba yote huacha nje saratani ya hatua ya awali kabisa. Miongoni mwa wanawake wa Tanzania saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza, na juhudi zote za afya ya umma, kuanzia uchunguzi wa kliniki hadi chanjo ya HPV iliyoanza kutolewa nchi nzima kwa wasichana mwaka 2018, zinalenga kuikamata mapema. Mwanamke wa Vwawa au Ilula anayeitikia wito, akapimwa, akakutwa na mabadiliko ya awali na kutibiwa, hatalipwa. Anayechelewa hadi uvimbe usambae analipwa. Mantiki ya hesabu inaeleweka, kwa kuwa tiba ya awali ni nafuu na mgonjwa hurudi kazini haraka. Hata hivyo inafaa kampuni ziweke fao dogo kwa hatua ya awali, kama linavyotolewa katika baadhi ya nchi, kwa sababu hata tiba hiyo ndogo huanza na safari na siku zilizopotea.

Kiharusi kina mtego wake. Mara nyingi hutakiwa udhaifu wa kudumu uthibitishwe na daktari bingwa baada ya muda fulani, na picha ya CT kuonyesha dhara. Mgonjwa aliyelazwa hospitali ya wilaya akatibiwa kwa dalili tu, kisha akarudishwa nyumbani Mufindi, hana picha hiyo. Pia kuna sharti la kuishi siku 14 hadi 30 baada ya ugonjwa kuthibitishwa. Anayekufa siku ya kumi halipwi fao la ugonjwa, ingawa bima ya maisha iliyoambatana itawalipa warithi. Mwanzoni mwa mkataba kuna kipindi cha kungoja, mara nyingi siku 90, ambacho ugonjwa ukitokea ndani yake haufidiwi. Masharti haya yamewekwa kuzuia watu wasikimbilie bima wakishaona dalili. Hakuna ubaya ndani yake. Ubaya ni pale wakala anapoyaruka ili auze.

Ugonjwa uliokuwapo kabla ya mkataba hautalipwa, wala matokeo yake. Presha na kisukari visivyojulikana ni vingi, na dodoso la bima huuliza juu yake. Kujibu “sina” bila kuwahi kupima si uongo, lakini kupima kwanza kisha kueleza ukweli humpa mnunuzi usalama zaidi, hata ada ikipanda. Suala zito zaidi hapa ni VVU. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 11.1 kwa watu wa miaka 15 na zaidi mkoani Iringa na asilimia 9.6 Mbeya, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.4. Mikataba mingi ya magonjwa makubwa imerithi kifungu kinachotenga ugonjwa wowote unaohusiana na VVU, kifungu kilichoandikwa wakati ambapo hapakuwa na dawa. Leo anayetumia ARV vizuri huishi miaka mingi, anazeeka, anapata presha na kiharusi kama jirani yake. Katika mikoa hii kifungu hicho kinaondoa karibu mtu mzima mmoja kati ya kumi, tena kwa maneno mapana kiasi kwamba kampuni inaweza kudai saratani ya mlango wa kizazi inahusiana na virusi. Si haki kukiacha kilivyo. Mwenye maambukizi anapaswa kutathminiwa kwa hali yake, kama mwenye kisukari, na kutozwa ada inayolingana nayo. Mpaka hapo, njia salama kwake ni bima ya ajali, ambayo kwa kawaida haiulizi hali ya damu.

Aina ya tatu, ndogo na rahisi, ni fao la kulazwa: kiasi fulani kwa kila usiku hospitalini, bila kujali ugonjwa, kwa idadi ya usiku iliyowekewa kikomo. Hili ndilo lililouzwa kwa wingi kupitia simu. Miaka ya 2010 huduma kama Tigo Bima ziliwafikia watu ambao hakuna wakala aliyewahi kuwabishia hodi, na ada zikawa ndogo kiasi cha kulipwa kidogo kidogo. Fao ni dogo pia, lakini shilingi za usiku tano humtosha ndugu anayemuuguza mgonjwa Chimala au Ilembula kula na kurudi nyumbani. Udhaifu wake ni kwamba mteja akibadilisha laini au salio likikosekana, ulinzi hukatika kimya kimya.

Uuzaji wenyewe umepita hatua kadhaa. Shirika la Bima la Taifa (NIC), lililoundwa mwaka 1963, lilishika biashara yote ya bima baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, mpaka soko lilipofunguliwa kwa sheria ya mwaka 1996. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliipa nguvu Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), yenye ofisi ya kanda jijini Mbeya. Leo bima inauzwa na mawakala, madalali na benki, lakini mchango wa sekta nzima bado uko karibu na asilimia 2 tu ya pato la taifa, sehemu kubwa ikiwa magari, mali na makundi ya waajiriwa. Benki zimeleta mkanganyiko wake. Mkopaji wa Mwanjelwa au Miyomboni hukatwa fedha ya bima anapopewa mkopo na kuamini ana bima ya maisha. Alicho nacho ni bima ya mkopo: akifa au akipata ulemavu wa kudumu, deni linalipwa benki. Familia inaokoka na deni, jambo kubwa, lakini haipokei senti.

Kwa watu wengi wa mikoa hii, kikundi ni mlango bora kuliko mkataba wa mtu mmoja mmoja. Vikundi vya kufa na kuzikana, VICOBA na vyama vya msingi vya ushirika tayari hukusanya fedha, hujuana na huaminiana. Kwa desturi, michango yao huwa mikubwa kwenye msiba kuliko kwenye ugonjwa. Marehemu huchangiwa kwa siku moja, lakini aliyelala na mguu wa plasta miezi minne huletewa unga mwezi wa kwanza kisha husahaulika, si kwa roho mbaya bali kwa kuwa kila mtu ana yake. Bima ya ajali ya kikundi huziba hasa upungufu huo. Ada kwa kichwa hushuka, dodoso la afya hupunguzwa au huondolewa, na katibu wa kikundi anakuwa ndiye mfuatiliaji wa madai, kazi ambayo humshinda mgonjwa mmoja mmoja. Chama cha madereva wa bodaboda kilichosajiliwa kina nguvu ya kujadiliana na kampuni kuhusu kifungu cha pikipiki. Dereva mmoja hana. Kikundi kinachofanya hivyo kisifute mfuko wake wa ndani, kwa sababu bima inalipa baada ya hati kukamilika na njaa huanza siku ya pili.

Kwa familia inayopanga fedha kidogo, utaratibu unaoleta maana huanza na skimu ya afya kwa kila mwanakaya. Kisha ije bima ya ajali yenye fao la wiki kwa yule ambaye kipato chake kinawalisha wengine, awe baba, mama au kijana wa bajaji. Kuwakatia watoto kiasi kikubwa cha kifo hakuna faida, kwani kifo cha mtoto hakiondoi kipato. Kwao kinachofaa ni matibabu ya ajali na ulemavu. Bima ya magonjwa makubwa hufuata baadaye, kwa mtu wa chini ya miaka 50 asiye na ugonjwa uliojulikana, mwenye uhakika wa kulipa ada mwaka baada ya mwaka. Kiasi chake kipangwe kwa hesabu ya gharama zisizo za hospitali: kipato cha msimu mmoja au miwili, pamoja na safari na makazi ya watu wawili Dar es Salaam. Kwa mwajiriwa wa serikali mwenye NHIF na likizo ya ugonjwa yenye mshahara, umuhimu wake ni mdogo kuliko anavyoambiwa na wauzaji.

Mzigo wa magonjwa makubwa unaweza pia kubebwa na umma. Kenya, katika sheria yake ya bima ya afya ya jamii ya mwaka 2023, iliunda mfuko maalumu wa dharura na magonjwa sugu na mahututi, unaoanza kulipa pale stahiki ya kawaida ya mgonjwa inapoisha, sambamba na makato ya asilimia 2.75 ya kipato yaliyoanza Oktoba 2024. Mfuko wa namna hiyo hulipa tiba. Haugusi nauli wala mahindi yaliyobaki shambani, kwa hiyo nafasi ya fedha taslimu inabaki hata kwenye mfumo uliokamilika.

Dai likikataliwa, kampuni inapaswa kutoa sababu kwa maandishi ikitaja kifungu inachokitegemea. Hatua ya kwanza ni malalamiko kwa kampuni yenyewe, kisha TIRA, ambayo kwa mkazi wa nyanda hizi ipo Mbeya. Mgogoro unaoshindikana hupelekwa Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa ajili ya watu wasiomudu mawakili, na mahakama hubaki kuwa njia ya mwisho. Katika ngazi zote hizo kinachoangaliwa ni mkataba wenyewe, stakabadhi ya ada, fomu ya maombi iliyojazwa siku ya kwanza, PF3 na ripoti ya daktari. Fomu ya maombi ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa kuwa mara nyingi wakala huijaza mwenyewe na mteja huweka sahihi tu. Nakala yake iombwe siku hiyo hiyo, isomwe, na jibu lolote lisilo sahihi lirekebishwe kwa barua kabla ya ada ya pili kulipwa.